Mwendo wa Baba

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitamjibu mama yangu vibaya, na mimi nina miaka hamsini na moja, sitaki kupigwa mwiko mbele za watu.

Alhamisi na Ijumaa ukoo wetu ulifungua kaburi. Wafu tisa walitolewa, wakavishwa hariri mpya, wakachezewa ngoma, wakarudishwa ndani. Kwa Baba, Randriambelo, ilikuwa mara ya kwanza kutoka tangu tumlaze humo miaka minane iliyopita. Watoto wake walimpakata mmoja mmoja wakazungumza naye. Mimi sikuwepo. Nilikuwa zahanati na mwanamke ambaye mtoto wake alitanguliza matako, na zahanati ya Antsahalava ina muuguzi mmoja tu, Vololona, yaani mimi. Mtoto yu hai, mama yake yu hai. Nilipofika kaburini walikuwa wameshaanza kufukia mlango.

"Watoto wanazaliwa kila siku," mama aliniambia. "Baba yako katoka siku moja."

Tangu hapo ananisemesha kupitia watu wengine. Leo alimtuma jirani aje aniambie kwamba chakula kimeiva, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa mezani kwetu.

Jumatatu, 14 Julai

Mafua kila nyumba. Watu mia tatu wamekula wali wa mafuta ya nguruwe bega kwa bega kwenye baridi hii. Wamegawana nyama, wamegawana na kikohozi. Dawa yangu ya kifua imebaki chupa nne.

Alhamisi, 17 Julai

Ukungu. Haukuondoka mpaka saa sita mchana.

Alhamisi, 24 Julai

Mendrika, mtoto wa binamu yangu, ana miaka minane. Jana alicheza mpira, leo kaamka hawezi kukanyaga mguu wa kulia. Anashika kinena na kulia. Nikampima joto: hana homa. Nikamlaza chali, nikauviringisha mguu pale kitandani, huku na huku, polepole. Kwenda nje unakwenda. Kuja ndani anakunja uso na kunishika mkono. Nikamsimamisha, akapiga hatua nne za haraka haraka akiwa ameugeuzia mguu nje, kama mtu anayekanyaga miiba.

"Aliumwa mafua?" nikamwuliza baba yake.

"Nani hakuumwa mafua, dada Volo?"

Basi ndiyo yenyewe. Mafua yakishapita, wiki moja au mbili baadaye nyonga ya mtoto hujaa maji kidogo, inauma, halafu inapoa bila kufanywa lolote. Ninachokiogopa mimi ni homa. Mtoto mwenye homa kali, asiyekubali mguu uguswe hata na shuka, ana usaha ndani ya kiungo, na huyo hakai hapa hata saa moja, anakwenda mjini. Mendrika si huyo. Nimempa dawa ya maumivu, nimemwamuru alale, na nimesema aletwe kila asubuhi nimpime joto.

Baba yake aliganda mlangoni. "Siku ile alikuwa amekaa karibu na mkeka wa marehemu," akasema.

Nikamwambia mimi nimekaa karibu na wagonjwa miaka ishirini na mbili na bado nadunda.

Jumapili, 27 Julai

Mwingine. Tojo, miaka mitano, kinena cha kushoto, hana homa, alikohoa wiki mbili zilizopita. Naye ni wa ukoo wetu. Kanisani watu walinipisha kwenye benchi, nikakaa peke yangu kama mwenye upele.

Jumanne, 29 Julai

Nitaandika yote, tangu asubuhi.

Saa moja asubuhi nilikuwa nafungua madirisha ya zahanati. Ukungu ulikuwa mzito, barabara haionekani, ng'ombe wanasikika tu. Nikaona mtu anakuja. Bega la kushoto linaanguka, mwili wote unaelemea kushoto, mguu unavutwa nusu hatua, halafu bega linapanda tena. Miaka arobaini na mitatu nimeutazama mwendo ule ukirudi kutoka shambani. Nilifungua mdomo kusema, "Baba, leo umewahi."

Halafu ukungu ukapungua, nikaona ni mfupi mno. Alikuwa Fitia, na nyuma yake mama yake, Lanto, binti wa marehemu dada yangu. Wanaishi na mama kwenye nyumba yetu ya zamani. Fitia ana miaka sita. Baba alikufa miaka miwili kabla hajazaliwa, na hata picha yake akitembea haipo duniani.

Nilimpima mara mbili, maana mara ya kwanza sikuona namba. Hana homa. Kinena cha kushoto kinamuuma kidogo, hata halii. Kuja ndani mguu unakataa. Kwenda pembeni nao unakataa kidogo.

"Ila mama mdogo," Lanto akasema, "huyu alianza kuchokachoka tangu mavuno ya mpunga."

"Nani hakuchoka kwenye mavuno?"

Nimeandika kwenye kitabu: kama wale wawili. Watoto watatu, mafua yale yale, nyonga tatu. Mkiogopa, ogopeni kikohozi.

Jumamosi, 2 Agosti

Mendrika kapona, siku ya tisa. Aliruka kutoka kwenye ngazi ya zahanati ili anionyeshe. Nikamwuliza baba yake, "Marehemu kamwachia, siyo?" Hakucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Tojo naye kapona. Mimi na mafua yangu tumeshinda mbili kwa sifuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilikwenda kula mchana kwa mama. Jiko letu liko juu, na ngazi ni ya mbao, ya zamani kuliko mimi. Tulikuwa tumekaa na sahani, mimi, mama na Lanto, jua limeingia dirishani, tukasikia mtu anapanda. Mguu mzito, kimya, mguu mwepesi unafuatia kwenye ngazi ile ile. Mzito, kimya, mwepesi. Mbao ya sita ililia, kama ilivyokuwa inalia.

Nilikuwa nimeshainuka na sahani yangu ili nimwachie nafasi yake kaskazini mwa meza, anapokaa mkubwa wa nyumba. Nimesimama hivyo, sahani mkononi, Fitia akaingia.

"Umesikia," mama akaniambia. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha mwenyewe tangu Julai.

"Nimesikia mtoto anapanda ngazi."

"Basi kaa."

Nikakaa.

Jumatano, 13 Agosti

Fitia anasema hana maumivu. Wiki mbili kamili, vile vile nilivyosema. Anachechemea bado, lakini ni mazoea tu; mtoto akishauona mguu wake umekuwa habari ya mtaa hauachi upesi. Nimemwambia Lanto asimwangalie-angalie.

Jumanne, 19 Agosti

Leo nimeona jambo ambalo sikulipenda. Fitia alikuwa anapita kwenye tuta la mpunga kwenda shule, ukungu umefika magotini. Wazee wawili walikuwa wanakuja upande wa pili. Wakasimama. Wakavua kofia, wakashuka majini na miguu yao mitupu, kwenye baridi hii, wakamwachia tuta. Mmoja akainamisha kichwa na kusema kitu. Fitia akapita akichechemea, bila kuwatazama, kama ilivyo haki yake.

Nikamfuata mpaka kwenye jiwe la mpaka.

"Fitia, nani kakufundisha kutembea hivi?"

"Hakuna."

"Mbona bega linalala?"

Akafikiri. Ni mtoto mkweli, hana maneno mengi. "Yule wa mbele analaza," akasema. "Mimi napita anapopita."

"Yupi wa mbele?"

Akatazama njia, akanitazama mimi. Akaona kwamba mimi sioni, akanionea huruma. Akasema, "Nitachelewa shule, bibi," akaenda zake.

Mbele yake hapakuwa na mtu. Nilisimama pale mpaka maji yakaingia kwenye viatu. Mimi ni mtu wa kipima joto na kitabu, lakini nitasema kweli humu ndani ambamo hakuna anayesoma: niliogopa.

Jumatatu, 25 Agosti

Fitia analalamika goti. Nyonga haimuumi, ni goti, la kushoto. Nimelitazama, halijavimba. Anabeba ndoo ya maji kila siku. Nimempa dawa ya kuchua.

Jumatatu, 1 Septemba

Mzee Ratsimba alikuja kwa mama. Yeye ndiye anayetuchagulia siku: siku ya kuoa, ya kuweka msingi, ya kufungua kaburi. Alikaa, akanywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, akakunja vidole vyake kimoja kimoja. Halafu akasema bila kupandisha sauti:

"Randriambelo ana watoto sita walio hai. Watano wamempakata. Anatembea kumtafuta wa sita."

Wote wakanigeukia.

Jumatano tarehe ishirini na nne kaburi litafunguliwa tena, kabla msimu wa kufungua makaburi haujafungwa. Likikosa siku hiyo, ni kungoja miaka. Mimi nitakaa kwenye mkeka nimpakate Baba, na mtoto ataingizwa ndani ya kaburi asimame miguuni pake aombe arudishiwe mguu.

"Mtoto ana mafua ya nyonga," nikasema. "Na mimi nina kazi."

"Una kazi daima," mama akasema.

Alhamisi, 4 Septemba

Tumegombana, mimi na mama, uani, kuku wote wakakimbia. Nilimwambia nyonga yoyote inayouma humfanya mtu achechemee, na anayechechemea anafanana na mwingine anayechechemea, ndiyo maana yote, hakuna Baba hapo.

Mama akangoja nimalize. Yeye hapigi kelele. Angekuwa anapiga ningeshinda.

"Mendrika alitembea hivi?" akauliza.

Nikageuka kuwatazama kuku.

"Tojo alitembea hivi? Nimelala na mwanamume yule miaka hamsini. Nikiwa nimegeukia ukuta nilijua anakwenda wapi. Unanifundisha mwendo wake?"

Nikamwambia tutazungumza akitulia. Aliyekuwa hajatulia ni mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Wanachoma nyasi milimani. Jua limekuwa jekundu tangu asubuhi na majivu yanaanguka kwenye shuka nilizoanika. Fitia haendi tena shule. Watoto wenzake wanamwogopa, mwalimu naye anamwogopa, anamwita "mzee" bila kujijua.

Jumatatu, 15 Septemba

Wagonjwa watano tu. Watu wanapita mbali na mlango wangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama alikuja zahanati. Hakuja nyumbani kwangu, alikuja zahanati, akakaa kwenye benchi na wagonjwa, akangoja zamu yake. Nilimwita apite, akakataa. Mbele yake kulikuwa na mtu wa jino. Zamu yake ilipofika akaingia, akafunga shuka vizuri begani.

"Unaumwa nini, mama?"

"Naumwa mtoto. Huyu mdogo na wewe."

Nilitaka kuinuka, akanizuia kwa kiganja.

"Sikuombi uamini," akasema. "Nakuomba ukae mkekani kwa muda wa kuchemsha chungu cha wali. Baba yako alikubeba mgongoni kwenda shule ya misheni mvua nzima, kwa mguu ule. Hukuwahi kumwuliza kama unamuuma. Hata mimi sikuwahi."

Nimekubali. Sharti langu moja: Fitia haingii kaburini. Atakaa nje, juani, na mama yake.

Jumatano, 24 Septemba

Walianza kuchimba mlango saa tatu. Hakukuwa na ngoma safari hii, wala wageni, ukoo tu, watu kama thelathini, na moshi wa milimani umefunika kila kitu. Kaka yangu na wenzake waliingia kwa mishumaa. Tuliwasikia wakimwita kwa jina ndani, kwa adabu, wakimwomba radhi kwa kumsumbua mara mbili mwaka mmoja. Wakatoka naye, wamembeba mabegani.

Nikakaa kwenye mkeka, wakaniwekea mapajani. Mwepesi. Baba alikuwa mtu wa kubeba gunia la viazi mpaka sokoni, na sasa nilikuwa namshika kama ninavyoshika watoto wa kliniki.

"Zungumza naye," kaka akasema.

Watu wote wanatazama. Nikasema, "Baba, ni Volo. Nilichelewa." Baada ya hapo maneno yaliisha, na mikono ikaanza kufanya ilichozoea. Miaka ishirini na mbili mikono hii ikipewa mtu inamkagua. Ilishuka yenyewe juu ya hariri, ikatafuta mbavu, ikashuka kiunoni. Kaka ni fundi wa kazi hii. Julai alimpanga vizuri, kila mfupa mahali pake.

Upande wa kulia nikagusa kichwa cha mfupa wa paja pale kinapoingia kwenye nyonga. Duara, ukubwa wa yai, laini. Nikahamia kushoto.

Sikukiona. Nikarudi juu, nikarudi chini, nikakipata. Kilikuwa bapa. Kimetandazika, kipana, kama uyoga uliokanyagwa, na shingo ya mfupa imefupika. Nikagusa tena cha kulia, nikagusa tena cha kushoto. Hayo si ya kuzaliwa nayo, wala si ya uzee. Mfupa huo ulikuwa wa duara kama mwenzake, halafu wakati fulani, angali mtoto, ukalainika, na yeye akaendelea kuukanyaga, shambani, sokoni, kisimani, mpaka ukaganda hivyo. Nyumbani kwetu tulisema siku zote kwamba mguu wa Baba ulishikwa na marehemu babu yake. Hakuna aliyetafuta sababu nyingine, na mimi muuguzi nilikua nikiusikia hivyo, na sikuwahi kumlaza Baba kitandani nikauviringisha mguu ule hata siku moja.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Namkagua."

Hata waliokuwa ndani na mishumaa walitoka.

"Lanto," nikasema, "mlete Fitia hapa. Mlaze."

Wakamlaza kwenye mkeka ule ule, kando ya Baba. Fitia hakuogopa hata kidogo. Aligeuza kichwa akautazama ule mfuko wa hariri, halafu akautazama moshi.

Nikaufungua mguu wa kulia kwenda pembeni. Ukafunguka wote. Nikaufungua wa kushoto. Ukafika nusu, kiuno chote kikainuka kuufuata. Wiki nane tangu nimguse nyonga. Goti, nilitazama goti, na kila muuguzi aliyepita darasani anajua kwamba nyonga ya mtoto mara nyingi hulilia gotini. Nikatoa utepe wa kupimia kwenye mfuko wa aproni, nikapima mapaja yote mawili. La kushoto limepungua vidole viwili. Limekonda mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nahesabu ushindi dhidi ya mama yangu.

Mafua hayakondeshi paja. Maumivu ya mafua hayaanzi kwenye mavuno, miezi miwili kabla ya mafua yenyewe. Lanto alinieleza siku ya kwanza. Na kijiji kizima kiliniambia, kwa kuvua kofia, kwamba mwendo huu si wa Mendrika wala Tojo, ni wa Randriambelo. Waliona sawasawa. Mimi ndiye niliyekataa kutazama, kwa kuwa sikuipenda sababu waliyoitaja.

"Kesho nakwenda naye mjini," nikasema. "Apigwe picha ya mifupa."

"Si umeshampakata?" kaka akauliza. "Yamekwisha, Volo. Tunamrudisha, tunakwenda kula."

"Nimempakata ndiyo maana najua."

Mume wa Lanto akatazama chini. Wengine wakaanza kunong'ona: kumtoa mtoto kijijini kesho yake ni kumwambia marehemu kwamba hatukumwamini. Nikaona wanaelekea kukataa, na miaka miwili mingine ya kukanyaga ingemtosha Fitia awe kama Baba mpaka kufa kwake. Sikuwa na hoja nyingine. Nikamshika mama mkono, nikauweka juu ya hariri, nikaupeleka kulia kwanza, halafu kushoto.

Mama akapapasa kwa muda mrefu. Yeye ana mikono ya kufuma, inajua mafundo.

"Hapa," akasema.

"Hapo."

"Na mtoto?"

"Wake bado haujaganda. Nafikiri. Sijui, mama. Ndiyo maana nataka picha."

Akauacha mkono wake pale. Halafu akawaambia wote, kwa sauti yake ile ndogo, "Mtoto anakwenda mjini. Atakayesema neno aje aseme kwangu."

Ijumaa, 26 Septemba

Jana. Saa tatu za barabara, Fitia mapajani mwangu, nimemkataza kukanyaga hata hatua moja. Hospitalini Daktari Hasina, binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu, aliitundika picha kwenye taa. Kichwa cha mfupa wa kushoto kimekuwa cheupe na kimeshuka kidogo upande mmoja. Kidogo tu.

"Damu ilikatika kwenye kichwa cha mfupa," akasema. "Hatujui kwa nini. Mfupa hulainika, halafu hujijenga upya wenyewe. Si saratani, si usaha. Huchukua mwaka, miwili, hata zaidi. Kazi yetu ni kuulinda ubaki duara wakati unajijenga. Ana miaka sita, hiyo ni bahati, na umemleta mapema."

"Sikumleta mapema. Nilimwita mafua miezi miwili."

"Wote huanza kwa kuitwa mafua, mama. Tisa kati ya kumi ni mafua kweli. Asiyepona kwa wiki mbili ndiye anayeangaliwa tena."

Alisema kwa upole, na kila neno lilinipata. Nikamwuliza kama ugonjwa huu hurithiwa, kwa kuwa babu wa mama yake alikuwa nao.

"Kwa kawaida, hapana. Yeye alipigwa picha wapi?"

"Hakupigwa," nikasema. "Nilimshika tu."

Akaniangalia, akadhani sikuelewa swali.

Jumapili, 5 Oktoba

Fitia habebeshwi ndoo, hatembei, anabebwa mgongoni kwa zamu, mara Lanto, mara baba yake, mara mimi. Wazee bado wanatupisha njiani. Leo nilikuwa nimembeba mimi, ukungu wa asubuhi haujatoka mtoni, akaniambia sikioni, "Bibi, simama kidogo."

"Una nini?"

"Yule wa mbele amekaa. Anapumzika."

Nikasimama. Tulingoja, yeye na mimi, mpaka akasema twende.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza, mawe matupu, imetoboa paa la stoo. Mama alikuwa amekuja kuchukua dawa ya macho, akakwama, tukawa wawili zahanati nzima. Nikachukua kadi mpya ya mgonjwa. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nikaandika jina: Randriambelo.

Mama hajui kusoma lakini jina hilo analijua. Akavuta kiti.

"Uliza," akasema.

"Umri?"

"Saba. Tulikuwa majirani, mimi nilikuwa na sita."

"Anaumwa wapi?"

"Goti. Alikuwa anasema goti."

Nikaandika goti. Nikamwuliza ilianza lini, akasema wakati wa mavuno. Nikamwuliza alipelekwa kwa nani, akasema hakupelekwa, alifungwa uzi mguuni na babu yake akaombwa amwachie. Nikaandika yote. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi anisogelee.

"Mimi ndiye wa kwanza kumwiga," akasema. "Nilimfuata nyuma kwenye tuta, nalaza bega, watoto wote wanacheka. Akageuka akaniona. Yeye naye akacheka. Lakini tangu siku ile hakukimbia tena mbele za watu. Alikuwa anakimbia, Volo. Kabla ya hapo alikuwa anatushinda wote."

Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ncha ya shuka. Nilimshika bega. Kwenye kadi hakuna sehemu ya jambo kama hilo. Nikageuza upande wa nyuma, ambako ni patupu, nikaandika: alikuwa anakimbia.